Viza Mkononi mwa Mwajiri: Miaka 140 ya Vikwazo vya Ajira kwa Wageni Marekani

1885–1892: Kasisi na mkataba wake

Mwaka 1887 Kanisa la Holy Trinity la jijini New York lilikuwa linatafuta kasisi. Likampata Uingereza: E. Walpole Warren, ambaye alikubali kazi akiwa bado kwao, kisha akavuka Atlantiki kuja kuianza. Serikali ya Marekani ikalishtaki kanisa. Kosa halikuwa mahubiri yake wala imani yake; kosa lilikuwa ule mkataba. Miaka miwili kabla ya hapo, Bunge la nchi hiyo lilikuwa limepitisha sheria ya kumkataza mtu au kampuni yoyote kumlipia mgeni nauli ili aje kufanya kazi waliyokwisha kukubaliana kabla hajaondoka kwao. Faini ilikuwa dola 1,000.

Sheria hiyo, iliyojulikana kwa jina la mbunge Martin Foran wa Ohio, haikutungwa kwa ajili ya makasisi. Iliyoipigania ni Knights of Labor, jumuiya kubwa ya wafanyakazi ya zama hizo, na waliokuwa mstari wa mbele ni mafundi wake wa vioo vya madirisha. Walilalamika kwamba kila wakidai nyongeza ya mshahara, wenye viwanda huagiza mafundi wengine kutoka Ulaya, wakiwa wamefungwa na mikataba ambayo hawakuelewa imewaleta kuziba nafasi za nani. Na mikataba ya namna hiyo iliwahi kuhimizwa na serikali yenyewe: sheria ya mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilimruhusu mhamiaji kuweka rehani mshahara wake wa hadi miezi 12 ili kulipia safari. Vita vilipokwisha na watu wakaongezeka, kilichokuwa neema kikageuka kero.

Kesi ya kanisa ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1892. Jaji David Brewer aliona kwamba ukiyasoma maneno ya sheria jinsi yalivyo, kanisa lilikuwa na hatia. Lakini akasema Bunge lililenga vibarua wa bei rahisi, si watumishi wa dini, na kanisa likashinda. Hata kabla ya hukumu hiyo sheria ilikuwa na orodha ya wasioguswa: waigizaji, waimbaji, wahadhiri, watumishi wa nyumbani, na mafundi wa viwanda vipya ambavyo nchi haikuwa na ujuzi navyo.

Adhabu nayo ilikuwa na sura mbili. Mwajiri alitozwa faini. Mfanyakazi, kwa marekebisho ya mwaka 1888, aliweza kurudishwa kwao ndani ya mwaka mmoja tangu ashuke melini, ingawa sheria ilidai kwamba anayezuiwa ni mwajiri. Mwaka 1897 usimamizi wa sheria hizo uliangukia mikononi mwa Terence Powderly, aliyekuwa kiongozi wa Knights of Labor, baada ya Rais McKinley kumteua kuwa mkuu wa uhamiaji.

1942–1964: Vibarua wa mkataba

Marufuku ya mikataba ilidumu kwa miongo mingi, lakini kila vita vilipokuja iliwekwa kando. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipochukua vijana mashambani, vibarua wa Mexico walipewa msamaha wa muda. Vya Pili vilipozuka, msamaha ukawa mpango rasmi. Agosti 1942 Marekani na Mexico zilitia saini makubaliano yaliyoleta wafanyakazi walioitwa braceros, kwanza mashambani na kwa muda fulani hata kwenye reli. Hadi mpango ulipofungwa mwishoni mwa 1964, mikataba ipatayo milioni 4.6 ilikuwa imetolewa, baadhi yake kwa watu walewale waliorudi msimu hadi msimu.

Kwenye karatasi, masharti yalikuwa mazuri. Mkulima alitakiwa kuthibitisha kwamba hakupata vibarua wa nyumbani, alipe kiwango cha mshahara cha eneo hilo, na atoe malazi. Mexico nayo ilitumia karata yake: kwa miaka ya mwanzo ilikataa kuwapeleka watu wake Texas kwa sababu ya ubaguzi waliofanyiwa huko. Shambani hali ilikuwa nyingine. Kibarua alikuwa wa mwajiri mmoja aliyetajwa kwenye mkataba. Akinung'unika kuhusu chakula au mizani ya kupimia pamba, safari ya kurudi ilikuwa inamngoja. Kati ya 1942 na 1949 asilimia 10 ya mshahara wake ilikatwa iwekwe akiba atakayolipwa akirudi Mexico. Wengi hawakuiona, na miongo mingi baadaye wazee walikuwa bado wakiidai mahakamani na barabarani.

Mwanazuoni na mwanaharakati Ernesto Galarza alizunguka kambi hizo na kuandika alichokiona katika ripoti yake ya 1956, *Strangers in Our Fields*. Alionyesha kwamba ahadi za mkataba hazikuwa na mtu wa kuzisimamia. Vyama vya wafanyakazi, makanisa na wanaharakati wa haki za kiraia waliungana kuupinga mpango, na Bunge likakataa kuurefusha.

1952–1990: Herufi H

Wakati braceros wakiwa bado mashambani, Bunge lilipitisha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya 1952, likiipuuza kura ya turufu ya Rais Truman. Ndani yake kulikuwa na vifungu vidogo vya wageni wa muda, vikipangwa kwa herufi. Herufi H ilipewa wafanyakazi. H-1 ilikuwa ya watu wenye sifa na uwezo wa kipekee. H-2 ilikuwa ya wengine wote, kwa sharti kwamba asipatikane mtu wa nchini asiye na ajira anayeweza kazi hiyo. Kundi la kwanza halikuwekewa sharti la kutafuta mzawa kwanza, kwa kuwa wakati huo lilionekana ni la watu wachache mno.

Mwaka 1970 Bunge lilifanya mabadiliko ambayo hayakutikisa magazeti. Awali mgeni wa H-1 alitakiwa awe wa muda na kazi yenyewe iwe ya muda. Sharti la pili likaondolewa. Tangu hapo mgeni wa muda angeweza kushika kazi ya kudumu, na kampuni zikaanza kumwona kama mwajiriwa wa kawaida, ila kibali chake kina tarehe ya kuisha.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 idadi ilikuwa imepanda, na sekta ya kompyuta ilikuwa inachipuka. Sheria ya Uhamiaji ya 1990, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush Novemba mwaka huo, iliweka muundo unaotumika hadi leo. Viza ya H-1B ikawa ya kazi za utaalamu zinazohitaji angalau shahada ya kwanza. Muda wake ukawa miaka sita kwa jumla. Kwa mara ya kwanza kikawekwa kikomo: viza mpya 65,000 kwa mwaka. Mwajiri akatakiwa kutoa kiapo kwa Wizara ya Kazi kwamba atalipa mshahara usiopungua ule wa kawaida wa kazi hiyo katika eneo hilo. Lakini wizara ilipewa siku saba tu za kukipitia kiapo, na kazi yake ilikuwa kuangalia kama fomu imejazwa sawasawa.

Aliyeomba viza alikuwa mwajiri, aliyetia saini alikuwa mwajiri, na akibadili mawazo aliweza kuliondoa ombi. Mgeni, ambaye maisha yake yote yalisimama juu ya karatasi hiyo, hakuwa na saini yake popote kwenye ombi. Kazi ikiisha leo, uhalali wake wa kuwapo nchini uliisha leo hiyohiyo.

1997–2004: Neema na ukame

Kikomo cha 65,000 kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Intaneti ilikuwa imepamba moto, na kila taasisi iliogopa kwamba kompyuta zake zingeduwaa saa sita usiku wa kuamkia mwaka 2000. Kampuni zikahitaji watu wa kupitia mamilioni ya mistari ya programu, na wengi wao walipatikana India, katika miji ya Bangalore, Hyderabad na Chennai.

Hapo ndipo walipostawi mawakala wa wataalamu: kampuni zilizoomba viza kwa jina lao, kisha zikawakodisha wafanyakazi kwa mashirika mengine. Mradi ulipokwisha, mfanyakazi alikalishwa benchi bila malipo hadi mteja mwingine apatikane. Hakuweza kuondoka, maana viza ilikuwa ya wakala.

Sheria ya 1998 ilijaribu kuridhisha pande zote. Ilipandisha kikomo hadi 115,000 kwa muda, ikapiga marufuku kumkalisha mtu benchi bila mshahara, na ikatoza ada ya dola 500 kwa ajili ya kuwafunza Wamarekani. Pia ilizaa kundi jipya: mwajiri tegemezi wa H-1B. Kampuni kubwa ambayo angalau asilimia 15 ya wafanyakazi wake ni wa viza hiyo ilitakiwa kuapa mambo mawili zaidi: kwamba imejaribu kwa dhati kumpata Mmarekani, na kwamba haijamwondoa Mmarekani ili kumweka mgeni. Sharti hilo liliachiwa tundu. Anayemlipa mgeni dola 60,000 au zaidi kwa mwaka, au anayemwajiri mwenye shahada ya uzamili, hakubanwa. Kiasi hicho hakikufungamanishwa na kupanda kwa gharama za maisha, hivyo kadiri miaka ilivyokwenda tundu likawa lango.

Mwaka 2000 kikomo kilipandishwa hadi 195,000 kwa miaka mitatu, na vyuo vikuu na taasisi za utafiti zisizo za faida zikatolewa kwenye hesabu. Mfanyakazi naye alipata nafuu mbili. Aliruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwingine mara tu ombi jipya linapopokelewa, bila kusubiri majibu. Na kama maombi yake ya ukaazi wa kudumu, grini kadi, yalikwama kwenye foleni, angeweza kuongezewa muda kupita miaka sita.

Kisha soko la kampuni za intaneti likaporomoka. Mwaka 2002 na 2003 haikutumika hata nusu ya viza 195,000 zilizokuwapo. Waajiri hawakuomba, kwa kuwa hawakuwa na kazi za kutoa. Takwimu hizo hazikutajwa sana katika mijadala iliyofuata, ambayo ilichukulia kwamba kila viza iliyopo lazima itapata mtu.

Mwaka 2004 kikomo kilirudi 65,000, ndani yake nafasi 6,800 zikatengwa kwa raia wa Chile na Singapore kufuatia mikataba ya biashara huria. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge liliongeza nafasi 20,000 kwa wenye uzamili au zaidi kutoka vyuo vya Marekani. Uchumi ulipochangamka tena, nafasi hizo hazikutosha. Aprili 2008 maombi yapatayo 163,000 yaliingia kwa siku tano, na serikali ikaamua kwa bahati nasibu nani ashughulikiwe.

2009–2011: Benki, fedha za umma na kiapo cha siku 90

Miezi mitano baada ya bahati nasibu hiyo, benki ya Lehman Brothers ilianguka. Oktoba 2008 Bunge liliidhinisha dola bilioni 700 za kuokoa taasisi za fedha. Katika kila kona ya nchi watu walikuwa wakipoteza kazi na nyumba, huku kodi zao zikienda kuwanusuru walewale waliosababisha balaa.

Mwanzoni mwa Februari 2009 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi: benki 12 zilizopata misaada mikubwa zaidi zilikuwa zimeomba viza kwa wageni zaidi ya 21,800 katika miaka sita iliyotangulia. Hayo yalikuwa maombi, si watu walioajiriwa, lakini takwimu ilichoma. Maseneta wawili wasiofanana kwa lolote, Bernie Sanders wa Vermont mwenye siasa za kijamaa na Chuck Grassley, Mrepublican wa Iowa, walisimama pamoja. Rasimu yao ya kwanza ilitaka benki zilizookolewa zikatazwe kabisa kuajiri wageni wa H-1B kwa mwaka mmoja. Ikalegezwa, ikaambatanishwa na sheria kubwa ya kuchangamsha uchumi, na Rais Barack Obama akaitia saini mjini Denver tarehe 17 Februari 2009.

Kilichobaki kilikuwa kifupi lakini kikali. Kila taasisi iliyopokea fedha za uokoaji, au mikopo ya dharura ya Benki Kuu, ingehesabiwa kuwa mwajiri tegemezi wa H-1B, hata kama ilikuwa na mgeni mmoja kati ya wafanyakazi 100,000. Tundu la dola 60,000 na shahada ya uzamili lilizibwa. Benki ingetakiwa kuapa kwamba imetafuta Mmarekani, kwamba kazi imetolewa kwa Mmarekani yeyote mwenye sifa sawa au zaidi, na kwamba haijamwachisha Mmarekani mwenye kazi ya aina hiyo siku 90 kabla ya kuwasilisha ombi wala haitamwachisha siku 90 baada yake.

Kwa benki zilizokuwa zinafukuza watu kwa maelfu, kiapo cha siku 90 kilikuwa mtego. Mawakili wao walishauri njia ya usalama: msiajiri. Machi 2009 Bank of America iliondoa ahadi za ajira ilizokwisha kuwapa wanafunzi wa kigeni waliokuwa wakimaliza shahada za uzamili za biashara.

Ukiisoma sheria kwa makini, wanafunzi hao hawakutajwa. Mhitimu wa kigeni huruhusiwa kufanya kazi kwa muda akitumia kibali cha mafunzo kwa vitendo, na kibali hicho si H-1B. Pia wageni waliokwisha kuajiriwa na benki hizo hawakuguswa, maana sheria ilihusu ajira mpya. Lakini mwajiri huangalia mbele. Muhula wa mafunzo kwa mhitimu wa biashara ulikuwa miezi 12. Wenzao wa sayansi na uhandisi walikuwa wameongezewa miezi 17 tangu Aprili 2008. Benki iliyojua kwamba baada ya mwaka ingekwama kuomba viza haikuona sababu ya kumfundisha mtu kazi. Hivyo walioumia kwanza walikuwa vijana waliokwisha kulipa ada za makumi ya maelfu ya dola, wengi kwa mikopo, wakitegemea mshahara wa Wall Street kuirudisha.

Je, Mmarekani aliyefukuzwa alipata nafasi zilizookolewa? Benki hazikuwa zinaajiri. Ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi asilimia 10 Oktoba 2009. Na soko lenyewe lilikuwa limekwisha kufanya kazi ya kikwazo: nafasi 65,000, ambazo mwaka uliotangulia zilijaa ndani ya wiki, mwaka huo zilijaa tarehe 21 Desemba.

Kifungu hicho kilikuwa na uhai wa miaka miwili. Februari 2011 kilikufa kimyakimya, bila kurefushwa.

2010–2016: Kutafuta njia ya pembeni

Kabla kifungu hicho cha benki hakijafa, Bunge lilikuwa limepata mbinu mpya: ada. Agosti 2010 kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi, ambazo zaidi ya nusu yao wako kwa viza za H-1B au L-1 (ya wanaohamishwa ndani ya kampuni moja), zilianza kutozwa dola 2,000 za ziada kwa kila ombi la H-1B. Mwishoni mwa 2015 ada ikawa dola 4,000. Walengwa walijulikana bila kutajwa: kampuni kubwa za teknolojia za India.

Njia moja ikizibwa, nyingine hutafutwa. Oktoba 2013 Infosys ya Bangalore ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 34 kumaliza madai kwamba ilitumia viza za wageni wa kibiashara kuwaingiza watu waliofanya kazi zilizohitaji H-1B. Kampuni ilikanusha kufanya udanganyifu wa makusudi.

Kwa upande wa pili, Wamarekani waliona tundu la dola 60,000 likitumika mbele ya macho yao. Oktoba 2014 wafanyakazi wapatao 250 wa teknolojia wa Disney kule Orlando waliarifiwa kwamba kazi zao zinahamishiwa kwa kampuni za nje, na kwamba kabla ya kuondoka wawafundishe wanaokuja. Baadhi ya waliokuja walikuwa na H-1B. Malalamiko yalifika Seneti, na kwa mara nyingine hasira iligawanyika: wengine walimlaumu aliyesaini mikataba, wengine walimlaumu mgeni aliyeketi kwenye kiti chao.

Mgeni huyo naye alikuwa na foleni yake. Grini kadi za ajira ni takriban 140,000 kwa mwaka, familia zikiwamo, na kwa kawaida hakuna nchi inayoruhusiwa kupata zaidi ya asilimia 7. Kwa Mkenya au Mtanzania kiwango hicho hakina maana kubwa, kwa kuwa waombaji ni wachache. Kwa Mhindi kimezaa foleni ya watu zaidi ya milioni moja, na kusubiri kunakopita umri wa ajira. Anayesubiri huongeza viza yake tena na tena, na kila mara ni mwajiri anayetia saini.

2017–2023: Kikwazo bila sheria mpya

Aprili 2017 Rais Donald Trump alikwenda Kenosha, Wisconsin, kwenye kiwanda cha zana cha Snap-on, na kutia saini amri ya kununua bidhaa za Marekani na kuajiri Wamarekani. Hakuna kifungu cha sheria kilichobadilika. Kilichobadilika ni mkono wa ofisa anayesoma faili. Maombi mapya yaliyokataliwa yalipanda kutoka asilimia 6 hivi mwaka 2015 hadi 24 mwaka 2018, na hata walioongezewa muda mara kadhaa walianza kudaiwa ushahidi upya. Baadaye mahakama zilitengua baadhi ya masharti hayo, na kiwango cha kukataliwa kikashuka.

Juni 2020, korona ikiwa imefunga uchumi, tangazo la rais lilisitisha kuingia nchini kwa wageni wapya wa H-1B, H-2B (ya kazi za muda zisizo za kilimo) na L-1, likarefushwa hadi mwisho wa Machi 2021. Walionaswa ni pamoja na waliokuwa safarini. Mgeni anayeishi kihalali Marekani hulazimika kutoka nje ya nchi ili kugongewa viza mpya kwenye pasipoti, hivyo waliokwenda kuzika au kuoa walijikuta wametenganishwa na kazi, nyumba, na wengine na watoto wao.

Mwishoni mwa 2022 mambo yaligeuka. Meta ilipunguza watu 11,000. Januari 2023 Google ikapunguza 12,000 na Microsoft 10,000. Wenye H-1B walipoteza mshahara, na wakati huohuo saa ikaanza kuhesabu. Kanuni ya Januari 2017 iliwapa siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kufungasha. Ilikuwa nafuu ukilinganisha na zamani, ambapo siku hizo hazikuwapo kabisa. Lakini ni muda mfupi kwa mtu aliyekaa miaka 10, mwenye mkopo wa nyumba na mtoto aliye darasani.

Machi mwaka huohuo bahati nasibu ya viza ilipokea majina 780,884, yakiwamo ya watu walioandikishwa na waajiri zaidi ya mmoja ili kuongeza nafasi. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuhesabu mtu badala ya ombi, na idadi ikashuka chini ya 480,000.

2025: Dola 100,000

Ijumaa ya tarehe 19 Septemba 2025 Trump, akiwa katika muhula wake wa pili, alitia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa ombi la H-1B. Lingeanza usiku wa kuamkia Jumapili. Waziri wa Biashara Howard Lutnick alizungumza kana kwamba ada ingelipwa kila mwaka. Kampuni zikiwamo Microsoft, Amazon na JPMorgan ziliwaandikia wafanyakazi wao: mlio ndani msitoke, mlio nje rudini kabla ya saa kufika. Watu walikatisha likizo na harusi; kwenye uwanja wa ndege wa San Francisco abiria waliomba kushuka ndege ikiwa bado haijaruka.

Jumamosi Ikulu ilifafanua: ada ni ya mara moja, ni ya maombi mapya, haiwahusu wenye viza tayari. Mwezi uliofuata idara ya uhamiaji ikaeleza zaidi kwamba haiwahusu pia wanaobadili hadhi wakiwa ndani ya nchi, kwa mfano mwanafunzi anayehitimu.

Ufafanuzi huo ulichora mstari mpya. Kampuni kubwa bado ingeweza kuchagua kutoka vyuo vya Marekani bila kulipa ada hiyo. Aliyebaki nje ni yule aliye kwao: daktari wa Lagos, mwalimu wa Manila, mhandisi wa Nairobi. Na walioshindwa kumlipia hawakuwa tu zile kampuni za kukodisha wataalamu zilizolaumiwa kwenye tangazo. Hospitali za vijijini na shule za umma, ambazo hujaza nafasi zisizopata waombaji kwa kutumia viza hiyohiyo, hazina dola 100,000 za kutoa kwa mwalimu mmoja. Chama cha Wafanyabiashara cha Marekani kilikwenda mahakamani, na kundi jingine la waajiri wa wauguzi, vyama vya wafanyakazi na makanisa likafungua kesi yake San Francisco.

Kabla mwaka haujaisha, serikali ilitoa pia kanuni ya kubadili bahati nasibu yenyewe, ianze kutumika 27 Februari 2026. Mishahara imegawanywa katika ngazi nne kulingana na kazi na eneo. Jina la anayelipwa ngazi ya juu kabisa huingizwa mara nne. La ngazi ya chini, mara moja. Kwa mhitimu wa Dodoma au Kisumu aliyemaliza masomo Marekani na kuanza kazi kwa mshahara wa mwanzo, ada ya dola 100,000 huenda isimguse, lakini uwezekano wa jina lake kuchaguliwa umepungua, na ngazi atakayoandikishwa huamuliwa na mshahara ambao mwajiri amekubali kumlipa.